Pilipili imeshikwa na nani? Vyakula vikali vya Asia vikilinganishwa

Mtu akitaka kuanza kujaribu vyakula vikali vya Asia, swali lake la kwanza huwa ni kipi kinachowasha kuliko vyote. Ni swali la mashindano, na jibu lake halimsaidii kuchagua. Mimi huuliza jingine: pilipili imeshikwa na nani, mpishi au mlaji?

Pwani kwetu jambo hili limeshapangwa. Pilau huja na kachumbari kando, pilipili ya kusaga iko kwenye kibakuli, achari ya ndimu iko kwenye chupa, na kila mmoja hujitilia kadiri anavyoweza. Mtoto, bibi na kijana anayependa kutokwa na jasho wote wanakula sinia moja. Vingi kati ya vyakula vya Asia vyenye sifa ya ukali havikupangwa hivyo. Pilipili imeshakaangwa, imechachushwa au imepondwa humo humo ndani, na sahani ikifika mezani hakuna tena cha kupunguza. Ndiyo maana mtu aliyezoea pilipili mbuzi anaweza kushindwa na chakula kilichopikwa kwa pilipili dhaifu kuliko hiyo: safari hii kijiko hakukishika yeye.

Namba nazo zina mipaka yake. Mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali mwaka 1912, na jina lake ndilo linaloandikwa mpaka leo kwenye chupa za sosi. Pilipili mbuzi ni jamaa ya habanero, ambayo kwa kawaida hupimwa kati ya vizio 100,000 na 350,000 vya kipimo hicho. Pilipili ndogo za Thailand, ndugu wa pilipili kichaa, huwa kati ya 50,000 na 100,000. Bhut jolokia ya kaskazini mashariki mwa India ilivuka 1,000,000, na Guinness ikaitambua mwaka 2007 kuwa kali kuliko zote duniani, cheo ambacho imeshanyang'anywa. Lakini hizo ni namba za tunda lenyewe. Hazisemi limetiwa siki, sukari, tui au jibini kiasi gani, wala kama wali ulioletewa unatosha.

Ukitaka kutaja idadi mwenyewe

Anzia hapa kama hujawahi kula chochote kati ya hivi.

Som tam ni saladi ya papai bichi kutoka Laos na eneo la Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Hupondwa kwenye kinu kirefu cha udongo au mti: kitunguu saumu na pilipili kwanza, halafu sukari ya mnazi, ndimu, sosi ya samaki, maharage mabichi marefu, nyanya, na mwisho papai lililochanwa nyuzi nyuzi. Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba kila sahani hupondwa peke yake, mbele yako, na unaulizwa pilipili ngapi. Moja ni salama. Tatu ni kwa mla pilipili wa kawaida wa kwetu. Wenyeji hutaja idadi ambazo sitazitaja hapa nisije nikamponza mtu.

Ukali wa som tam hupanda haraka na kushuka haraka, kwa sababu pilipili ni mbichi, hakuna mafuta ya kuibakiza kinywani, na ndimu na sukari viko kazini muda wote. Agiza ile iitwayo som tam thai, yenye karanga na uduvi mkavu. Ile ya Isan yenyewe, yenye kaa wadogo wa mashambani na pla ra, yaani samaki waliochachushwa kwa chumvi na pumba za mchele, ina ladha nzito na wapenzi wake hawataki kusikia habari ya nyingine. Ila samaki wabichi wa maji baridi katika eneo hilo wamekuwa chanzo cha minyoo ya ini, na serikali ya Thailand imefanya kampeni ya miaka mingi dhidi ya ulaji huo. Ukiitaka, hakikisha pla ra imechemshwa.

Mwenzake katika kundi hili ni ayam geprek ya Indonesia, chakula cha wanafunzi wa Yogyakarta kilichoenea nchi nzima. Ni kuku wa kukaanga mwenye ganda la unga, anayepondwa juu ya sambal mbichi ya pilipili na kitunguu saumu kwenye jiwe la kusagia. Hapa pia unataja idadi. Tofauti ni mafuta: sambal ya geprek humwagiwa mafuta ya moto, moto wake hukaa mdomoni muda mrefu, na pilipili tano za geprek hazilingani hata kidogo na tano za som tam. Kati ya hivi viwili mimi nachagua som tam bila kufikiri. Mwenye njaa ya kweli atachagua kuku.

Ukitaka pilipili ya pembeni kama nyumbani

Kuna meza za Asia ambazo mtu wa pwani akikaa hahitaji maelezo. Ya kwanza ni ya Padang, Sumatra Magharibi, kwa Waminangkabau. Huulizwi unataka nini. Mhudumu anakuja na sahani zimepangwa juu ya mkono mpaka begani, anazitandaza zote mezani, na mwisho unalipa zile ulizogusa tu. Waminangkabau ni Waislamu, kwa hiyo suala la halali halikusumbui. Rendang ndiyo maarufu kuliko zote, nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa kadhaa kwenye tui mpaka tui linakauka na nyama inaanza kukaangika katika mafuta ya nazi. Wengi huiorodhesha miongoni mwa vyakula vikali vya dunia. Si kweli kiasi hicho. Pilipili imo, lakini nazi imeishika adabu. Ukali wa meza ya Padang uko kwenye sambal ya pilipili za kijani na kwenye dendeng balado, nyama kavu iliyofunikwa pilipili nyekundu za kupondwa. Vyote viko kando. Unachovya au huchovyi.

Sri Lanka ni jirani zaidi kwa mkono wa mpishi. Pol sambol ni nazi iliyokunwa, pilipili kavu, kitunguu, ndimu na vipande vidogo vya samaki mkavu wa Maldives, vikafikichwa pamoja mpaka nazi inageuka nyekundu. Huliwa na mkate, na wali, au na vyakula vya unga wa mchele asubuhi. Kinawasha kweli, lakini kwa kuwa ni kitoweo cha pembeni, kipimo ni chako. Michuzi ya Sri Lanka yenyewe ni habari nyingine, hasa ule wa kaa wa Jaffna, ambao pilipili yake imo ndani na haina msamaha.

Na Yemen, ambayo watu husahau kwamba nayo ni Asia, ina sahawiq: nyanya, pilipili mbichi, kitunguu saumu na kotmiri, vikasagwa juu ya jiwe. Inawekwa juu ya saltah, mchuzi wa nyama unaochemka kwenye chungu cha jiwe ukiwa na povu la uwatu juu. Kwa ukali ni ya chini kabisa katika makala haya. Nimeitia kwa sababu ukisafiri na mtu asiyeweza pilipili, hiki ndicho mtakachokula wote mkafurahi.

Sichuan, Chongqing na Hunan

Hapa pilipili ni ya mpishi, na hapa ndipo ninapokawia.

Mapo tofu ni ya Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, China. Mgahawa unaojinasibu nayo husimulia kwamba ulianza mwaka 1862, na kwamba chakula kilipata jina kutokana na mke wa mwenye duka, Bi Chen, aliyekuwa na makovu ya ndui usoni. Ni tofu laini, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyokatwa vipande na kupikwa na nyama ya kusaga, mafuta mekundu, na rojo la pilipili na maharage lililochachushwa kwa miezi au miaka huko Pixian, pembezoni mwa Chengdu. Mwisho hunyunyiziwa huajiao iliyosagwa, na hiyo ndiyo inayowashangaza wageni. Huajiao si pilipili, wala si pilipili manga. Ni ya ukoo wa michungwa na mindimu, na kazi yake si kuwasha bali kutia ganzi. Midomo inatetemeka namna ile inavyotetemeka sindano ya daktari wa meno inapoanza kuisha. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao midomoni na kuwataka walinganishe hisia hiyo na mtetemo wa kifaa vidoleni. Majibu yalikaribia mitetemo 50 kwa sekunde.

Ganzi hiyo ndiyo siri ya kuweza kula. Pilipili inawasha, huajiao inazimua hisia, tofu ambayo haina ladha kali yoyote inapooza, na wali mweupe unabeba vyote. Kwa maoni yangu hakuna chakula kikali Asia kilichopangwa kwa akili kuliko hiki. Nyama ya asili ni ya ng'ombe, lakini majiko mengi hutumia nguruwe, hivyo kwa asiyekula nguruwe kuuliza ni lazima. Miji mikubwa ya China ina migahawa ya Waislamu wa Hui. Zamani ungeitambua kwa maandishi ya Kiarabu kibaoni, lakini mwaka 2019 Beijing iliagiza yaondolewe, kwa hiyo ulizia.

Laziji ya Chongqing inatisha kwa macho kuliko kwa ulimi. Sahani inakuja imejaa pilipili kavu nyekundu, na kuku wamefichwa humo ndani wakiwa vipande vidogo vya kukaanga. Mgeni anadhani anatakiwa kula zote. Hapana. Pilipili zile ni za harufu, zinaachwa sahanini, na kazi yako ni kuchokoa kuku kwa vijiti. Kwa mtu anayetaka kupiga picha ya ushujaa bila kuumia sana, hii hapa.

Chungu cha moto cha Chongqing ni kinyume chake: kinachoma kwelikweli. Supu ni mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, pilipili na huajiao, na humo mnatumbukiza utumbo, nyama iliyokatwa nyembamba, uyoga, viazi. Kilianza kama chakula cha vibarua wa bandarini kwenye mto, waliopata viungo vya ndani vya mnyama visivyotakiwa na matajiri. Bahati nzuri siku hizi kuna chungu kilichogawanywa katikati, upande mwekundu na upande mweupe, na hapo pilipili inarudi mkononi mwako. Angalizo moja ambalo huwa halisemwi mapema: mboga za majani zinabeba mafuta mekundu kuliko nyama. Mtu anayekimbilia mchicha akidhani ni nafuu anajiletea balaa. Mboga upande mweupe, utumbo upande mwekundu, kila tonge lichovye kwenye kibakuli cha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu.

Hunan hawatumii sana huajiao, kwa hiyo hakuna ganzi ya kukusaidia. Pilipili zao hukatwakatwa na kutiwa chumvi mpaka zichachuke, halafu humwagwa juu ya kichwa kikubwa cha samaki kilichopasuliwa na kupikwa kwa mvuke. Ladha ni ya chumvi na uchachu, ukali umenyooka, na samaki ni mlaini mno. Mkishamaliza nyama ya kichwa, tambi zinatiwa kwenye mchuzi uliobaki. Mtu wa pwani anayejua thamani ya kichwa cha samaki achague hiki mbele ya mapo tofu. Mtu ambaye macho ya samaki humkodolea akakosa hamu ya kula abaki Chengdu.

Jibini na moto: Bhutan na Korea

Kemikali inayowasha ndani ya pilipili haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo glasi ya maji baridi inakupoza sekunde chache na kuusambaza moto. Maziwa yanasaidia kwa sababu protini yake inaishika kemikali hiyo na kuibandua ulimini. Ni kemikali hiyo hiyo mwanasayansi wa Marekani David Julius aliyoitumia kugundua kipokezi cha joto kwenye neva, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021: pilipili hugusa mlango uleule unaoguswa na kitu cha moto, na mwili unaamini unaungua.

Bhutan walifikia suluhisho hilo bila maabara. Ema datshi, chakula chao cha taifa, ni pilipili zilizopasuliwa na kupikwa na jibini, vitunguu na nyanya kidogo. Zingatia: pilipili hapa ndiyo mboga. Huliwa kwa wingi, na wali mwekundu, kila siku. Msimu wa mavuno mapaa ya nyumba za bonde la Paro huwa mekundu kwa pilipili zinazoanikwa. Serikali ilipozuia kuingizwa kwa pilipili kutoka India mwaka 2016 kwa sababu ya mabaki ya dawa za kuulia wadudu, ilikuwa habari ya kila nyumba. Jibini hupoza, lakini kila tonge lina pilipili nzima, na hakuna namna ya kuikwepa. Anayeogopa aanze na kewa datshi, ya viazi, au shamu datshi, ya uyoga; jibini ni lilelile na pilipili ni chache.

Korea jibini limekuja baadaye. Buldak, kuku wa kuchoma aliyepakwa rojo la pilipili, alivuma miaka ya 2000, na kumfunika kwa jibini linalovutika kulianza ili watu waweze kummaliza. Ukali wake una utamu. Sukari inakudanganya tonge tatu za kwanza. Tambi za pakiti za jina hilo, zilizotolewa na Samyang mwaka 2012, ndizo zilizolipeleka jina duniani, na Juni 2024 Denmark iliondoa aina tatu madukani kwa hofu kwamba ukali wake ungedhuru walaji, kisha mwezi uliofuata ikaziruhusu mbili. Tangazo bora kuliko hilo kampuni isingeweza kulinunua. Tteokbokki, vipande vya mchele vya kutafuna kwenye rojo jekundu, ni ndugu mpole wa mtaani, na mla pilipili kichaa atakiona chepesi.

Ema datshi au buldak? Ema datshi ina ladha ya pilipili yenyewe, mbichi na ya kijani. Buldak ina ladha ya sosi. Mimi niko Bhutan, ingawa nakiri kufika Seoul ni rahisi zaidi.

India, ambayo jina lake limechafuliwa na vindaloo

Vindaloo ni mchuzi wa nyama, na ile inayouzwa kwenye migahawa ya Uingereza ni mashindano ya wanaume baada ya bia. Ile ya Goa ni chakula kingine. Wareno, waliotwaa Goa mwaka 1510, walikuja na nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu. Wagoa wakaweka siki ya mnazi, bizari zao, na pilipili zilizoletwa na Wareno hao hao kutoka Amerika. Ni nguruwe, ina uchachu kuliko moto, na pilipili za Kashmir zinazotumika zinatoa rangi nyingi na ukali mdogo. Familia za Kigoa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zimeipika vizazi kadhaa, na ukialikwa kwao utaonja iliyo karibu na asili kuliko ya mgahawa wowote wa London.

Kwa asiyekula nguruwe na anayetaka moto wa kweli, laal maas ya Rajasthan ni bora. Ni mbuzi au kondoo, mtindi, kitunguu saumu kingi, na pilipili nyekundu za Mathania, karibu na Jodhpur. Wapishi wengi hutia kaa la moto ndani ya chungu, wakadondoshea samli juu yake na kufunika, ili moshi uingie nyamani. Ukali unakuja nyuma, baada ya ladha ya nyama, na chapati inautuliza vizuri kuliko wali.

Nagaland ndiko namba za Scoville zinapoanza kuwa na maana. Nguruwe aliyekaushwa kwa moshi hupikwa na soya iliyochachushwa au machipukizi ya mianzi, na pilipili ya huko ni ya ukoo wa bhut jolokia. Inatumiwa kidogo tu, mara nyingi moja au mbili kwa chungu kizima, na wenyeji wanaipenda kwa harufu yake ya matunda. Mwenye vidonda vya tumbo asijaribu. Wengine waje hapa mwisho, baada ya vyote vilivyotangulia.

Kama safari haipo

Viwili kati ya hivi vinatengenezeka jioni hii kwa vitu vya Kariakoo, Darajani au Marikiti. Som tam inataka papai bichi, lile lile tunalolainishia nyama ya mishkaki, pilipili kichaa, ndimu, karanga, uduvi mkavu, sukari guru na kinu. Sosi ya samaki ikikosekana tia chumvi na uduvi zaidi. Pol sambol inataka mbuzi ya kukunia, nazi, pilipili kavu, kitunguu, ndimu na kipande cha samaki mkavu. Mapo tofu haifai kubahatishwa: bila rojo la Pixian na huajiao unapata tofu yenye pilipili tu, na vyote viwili huuzwa kwenye maduka ya Wachina ya miji mikubwa. Ukinunua huajiao, nusa kwanza. Isiyonukia ganda la chungwa imeshakufa, iache hapo hapo rafuni.